Kipi kinafaa kutolewa kwenye taka za fueli ya nyuklia: sesiamu, strontiamu, amerisiamu au ruteniamu?

Fueli ya kinu cha nyuklia ikishatumika na kupoa majini kwa miaka kadhaa, viwanda vichache duniani huikatakata, huiyeyusha ndani ya asidi ya nitriki, kisha hutenga urani na plutoniamu. Kinachobaki ni maji ya asidi yanayojipasha moto yenyewe, na mionzi yake ni mikali kiasi kwamba hayaguswi ila kwa mikono ya mitambo, nyuma ya ukuta mnene wa zege. Hayo ndiyo yanayoitwa taka. Lakini humo ndani mna vitu vinavyotafutwa na hospitali, viwanda na mashirika ya anga za juu. Je, vitolewe au viachwe? Kwenye vituo vya kuchakata fueli vya Hanford nchini Marekani, Mayak nchini Urusi, Sellafield nchini Uingereza na Trombay kando ya Mumbai, kila mahali wamejibu kwa namna yao.

Uamuzi huo una muda wake. La Hague nchini Ufaransa maji hayo hukaushwa, huchanganywa na kioo kilichoyeyuka, kisha humiminwa kwenye mitungi ya chuma cha pua, kila mmoja ukibeba takriban kilo 400 za kioo. Kioo kikishaganda, habari imekwisha. Kukivunja ili kutafuta gramu kadhaa ni ghali na hatari kuliko thamani ya zitakazopatikana. Kuyaacha maji kwenye matangi kwa kungoja soko nako kuna balaa lake. Mayak, tarehe 29 Septemba 1957, mfumo wa kupoza tangi moja uliharibika, maji yakakauka, chumvi za naitreti zilizobaki zikapanda joto hadi tangi likalipuka na kutawanya unajisi, yaani vitu vyenye mionzi, mbali upande ulikoelekea upepo. Anayetaka kuchota, basi, achote akijua anachota nini na kwa kazi ipi.

Tani moja ya fueli iliyotumika katika kinu cha kawaida cha maji huwa na zaidi ya kilo 1 ya sesiamu-137, karibu nusu kilo ya strontiamu-90 na karibu nusu kilo ya neptuniamu-237. Ukitazama wingi peke yake utaikimbilia sesiamu. Hapa tunapima kwa mambo mengine: umri wa taka siku ya kuchota, umbo la kikemia ambalo kitu kitauzwa nalo, na mahali kitakapopelekwa kikishachoka. Ukipima hivyo, sesiamu inashuka na amerisiamu inapanda.

Mionzi ya gama: sesiamu ya chumvi, sesiamu ya kioo, kobalti au mashine ya eksirei

Kwenye karatasi sesiamu-137 inapendeza. Nusu-maisha yake, yaani muda ambao nusu ya atomi zake huwa zimeshabadilika, ni miaka 30. Hupungua nguvu kwa asilimia 2.3 tu kwa mwaka. Gama yake, yaani miale inayopenya sana, ina nishati ya kiloelektronivolti 662, na bamba la risasi la milimita 6.5 hivi huipunguza kwa nusu. Kobalti-60, mshindani wake wa siku zote, haitoki kwenye taka. Hutengenezwa kwa kuweka kobalti ya kawaida ndani ya kinu. Nusu-maisha yake ni miaka 5.27, hupoteza asilimia 12 kwa mwaka, na gama zake mbili za kiloelektronivolti 1,173 na 1,332 zinataka milimita 12 za risasi kwa kila nusu. Kifaa cha kobalti kwa hiyo ni kizito zaidi na huzeeka upesi.

Tuchukue kazi ya kila siku. Damu ya kumwongezea mgonjwa mwenye kinga dhaifu humulikwa kwanza kwa dozi inayolenga gray 25 (gray ni kipimo cha dozi ya mionzi), ili chembe nyeupe zilizomo zisije zikamshambulia. Tuseme kifaa kikiwa kipya humaliza mfuko kwa dakika 5. Cha sesiamu, baada ya miaka 10, kitahitaji dakika 6 na sekunde 20 hivi. Cha kobalti kitakuwa kimefika dakika 10 baada ya miaka 5 na miezi 3.

Hapo mtu anaweza kusema shauri limekwisha, achukue sesiamu. Tatizo ni umbo. Sesiamu iliyouzwa duniani kwa miongo mingi, sehemu kubwa ikitoka Mayak, imekuwa kloridi ya sesiamu: unga uliogandamizwa, jamaa wa karibu wa chumvi ya mezani. Inayeyuka majini kama chumvi na kunata kila inapogusa. Goiânia, Brazil, Septemba 1987, mashine ya tiba iliyotelekezwa kwenye jengo la kliniki iliyohama ilivunjwa ili kuuzwa kama chuma chakavu. Ndani mlikuwa na gramu 93 za chumvi hiyo, ambazo hazijazi hata kikombe cha kahawa. Watu zaidi ya 112,000 walipimwa, 249 walikutwa na unajisi, wanne walifariki, na nyumba kadhaa zilibomolewa. Kobalti ni chuma. Inaweza kuua vilevile mtu akiishika, lakini kipande hubaki kipande, na anayejua kazi hukiokota kwa koleo refu.

Hanford wana somo lingine, la kiufundi zaidi. Kati ya 1974 na 1985 walitoa sesiamu na strontiamu kwenye matangi yao na kuzifungia ndani ya kapsuli za kuta mbili zenye urefu wa nusu mita hivi, zikawekwa chini ya maji yenye kina cha mita 4. Kapsuli 1,335 za sesiamu na 601 za strontiamu ndizo zilizobaki hapo. Baadhi zilikodishwa kwa viwanda vya kuua vijidudu kwenye vifaa vya hospitali, na mwaka 1988 moja ikavuja ndani ya bwawa la kiwanda kimoja katika jimbo la Georgia. Kumbuka kazi iliyokuwa ikifanya: inainuliwa nje ya maji, inapanda joto, inazamishwa, inapoa, na mchezo huo unarudiwa mara kwa mara. Kloridi ya sesiamu hubadili mpangilio wa fuwele zake karibu na nyuzi 470 za Selsiasi na kupanuka, ikisukuma chuma kilichoibana. Kapsuli iliyofaa kukaa majini kwa utulivu ilikuwa imepewa kazi nyingine kabisa. Kapsuli za kukodi zikarudishwa Hanford.

Hata kuiaga sesiamu ni mtihani. Mei 2019, katika mji wa Seattle, kapsuli ilitobolewa kwa bahati mbaya wakati mashine ya zamani ya sesiamu ikiandaliwa kuondolewa. Watu 13 walipata unajisi, na usafi wa jengo ulichukua miaka na kugharimu zaidi ya dola milioni 100 za Marekani.

Wahindi walitafuta njia ya katikati, na wanastahili kusikilizwa. Kituo cha utafiti wa atomiki cha Trombay hutoa sesiamu kwenye taka za kuchakata fueli, huiyeyusha ndani ya kioo, kisha hukimimina kioo hicho kwenye penseli nyembamba za chuma cha pua kwa ajili ya vifaa vya kumulika damu. Kioo hakimung'unyiki majini wala hakitawanyiki kama unga. Gharama yake ni nafasi: kioo kinachukua sehemu kubwa ya ujazo, hivyo kwa nguvu ileile unahitaji chanzo kikubwa zaidi. Kwa mashine ya damu hilo halisumbui. Kwa mashine inayotaka nguvu kubwa ndani ya nafasi ndogo linasumbua, na ndiyo sababu chumvi bado ina wateja.

Kisha kuna mashine ya eksirei, ambayo haina chanzo nururifu, yaani kitu kinachotoa mionzi chenyewe, hata kidogo. Ufaransa na Norwe zimekwisha achana na sesiamu katika kumulika damu. Ukizima swichi, mionzi imekwisha, na siku ya kuitupa unaitupa kama mashine nyingine yoyote. Udhaifu wake ni mirija inayochakaa, upozaji, na umeme. Umeme ukikatika katikati ya dozi, mfuko unabaki haujulikani umepata gray ngapi, na huanzi tu upya kana kwamba hakuna kilichotokea. Hospitali ya Dodoma au Eldoret inayonunua mashine hii inunue pamoja nayo kilinda-umeme chenye uwezo wa kumaliza mzunguko mzima, na mkataba wa fundi unaotaja idadi ya siku za kufika.

Uamuzi wetu hapa hauna kigugumizi. Damu: eksirei kama matengenezo yanapatikana, yasipopatikana, sesiamu ya kioo. Kuua vijidudu kwa wingi: kobalti. Kloridi ya sesiamu isinunuliwe mpya na hospitali yoyote. Hatusemi gama haina kazi Afrika Mashariki. Unguja ilisafishwa mbung'o kwa gama: kati ya 1994 na 1997 madume waliofugwa Tanga na kuhasiwa kwa mionzi walimwagwa kwa ndege juu ya kisiwa, na mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa 1996. Tunalokataa ni chumvi.

Joto la miaka mingi: strontiamu, plutoniamu au amerisiamu

Betri ya nyuklia haina gurudumu wala pampu. Kitu nururifu kinapasha joto upande mmoja wa vipande vya semikondakta, upande mwingine unapoa, na tofauti ya joto inazaa umeme. Ufanisi ni mdogo, asilimia 4 hadi 6 hivi, lakini haihitaji mtu kuigusa kwa miongo. Tuseme tunataka joto la wati 200 siku ya kwanza, linalotosha umeme wa wati 10. Hesabu zifuatazo ni za isotopu tupu, yaani atomi za aina hiyo moja peke yake, bila oksijeni wala uchafu.

| | Strontiamu-90 | Plutoniamu-238 | Amerisiamu-241 |
|---|---|---|---|
| Nusu-maisha (miaka) | 28.8 | 87.7 | 432.6 |
| Joto kwa gramu (wati) | 0.92 | 0.57 | 0.114 |
| Gramu za kupata wati 200 | 220 | 350 | 1,750 |
| Joto baada ya miaka 20 (wati) | 124 | 171 | 194 |
| Joto baada ya miaka 50 (wati) | 60 | 135 | 185 |

Strontiamu inaongoza kwa joto la siku ya kwanza na ndiyo rahisi kupatikana, maana imo tayari kwenye taka. Lakini jedwali halionyeshi uzito wa kinga. Mtoto wake, itriamu-90 inayozaliwa atomi zake zinapobadilika, hutoa beta, yaani elektroni za kasi, zenye nishati hadi megaelektronivolti 2.28, na beta kali zikigonga metali nzito huzaa eksirei. Pamoja na strontiamu-90 hutoka strontiamu nyingine zisizo nururifu, ambazo huchukua nafasi bila kutoa joto. Mtambo wa Kisovieti wa Beta-M ulikuwa na strontiamu ya terabekereli 1,295, sawa na gramu 250 hivi za isotopu tupu, ukatoa joto la wati 230 na umeme wa wati 10. Uzito wake: kilo 560. Wasovieti walitengeneza karibu mitambo 1,000 ya strontiamu, mingi ikiwa ya taa za kuongoza meli kwenye pwani ya Aktiki.

Kosa halikuwa kwenye kemia. Titaneti ya strontiamu ni kauri, haimung'unyiki majini. Kosa lilikuwa kuweka kitu hicho porini, bila mlinzi, ndani ya kinga ambayo wauza chuma chakavu wanaitamani. Desemba 2001, karibu na kijiji cha Lia nchini Georgia, ile nchi ya Kaukasi, wanaume watatu waliokwenda kuokota kuni waliona mitungi miwili midogo, na theluji kuizunguka imeyeyuka na udongo unafuka mvuke. Usiku ulikuwa wa baridi. Wakaisogeza karibu, wakalala wakiwa wameipa migongo. Saa chache baadaye walianza kutapika. Mmoja wao alifariki mwaka 2004, baada ya zaidi ya miaka miwili ya matibabu ya vidonda vya mgongo. Mionzi ya mitambo ile ilidumu hata baada ya serikali iliyoiweka kutoweka, na hilo ndilo linalotufanya tuikatae strontiamu kwa kazi yoyote ya nchi kavu isiyo na mlinzi.

Plutoniamu-238 ndiyo bora kwa anayehesabu kila gramu. Alfa zake, chembe nzito zisizofika mbali, huzuiwa na ukuta wa kapsuli yenyewe, na gama ni chache. Gari la Curiosity, lililotua kwenye Mirihi mwaka 2012, lina kilo 4.8 za oksaidi ya plutoniamu, joto la wati 2,000 na umeme wa wati 110 lilipoanza, kwa mtambo wa kilo 45 tu. Linganisha na zile kilo 560 za wati 10. Lakini plutoniamu hii haichotwi tayari. Inachotwa neptuniamu-237, inarudishwa kinuni ikapate nyutroni, kisha inatengwa tena. Marekani ilianza upya kazi hiyo kwenye maabara ya Oak Ridge, na mwaka 2015 ikatangaza gramu 50 za kwanza. Lengo ni kilo 1.5 za oksaidi kwa mwaka. Kila hatua ni kinu, kiwanda cha kemia na miaka. Ukikosea muda wa kuianika kwenye nyutroni, inajichanganya plutoniamu-236, ambayo vizazi vyake hutoa gama ya megaelektronivolti 2.6, na sifa ya kinga nyepesi inapotea.

Amerisiamu-241 kwa gramu ni dhaifu mara tano. Sifa yake ni namna inavyopatikana. Ndani ya plutoniamu ya kawaida ya vinu mna plutoniamu-241, ambayo yenyewe, bila kinu wala nyutroni, hugeuka amerisiamu-241 kwa nusu-maisha ya miaka 14.3. Akiba iliyokaa ghalani miaka 30 imegeuza asilimia 77 ya plutoniamu-241 yake. Sellafield wana tani 140 hivi za plutoniamu ya kiraia, na sehemu yake ni ya umri huo. Ghala limekuwa shamba.

Hapa kuna tofauti ambayo wengi huipita. Amerisiamu imo pia kwenye yale maji makali ya taka, lakini huko imechanganyika na amerisiamu-243 na kuriamu, ambazo kikemia zinafanana nayo mno. Amerisiamu iliyozaliwa ndani ya plutoniamu ya zamani iko karibu peke yake, isotopu moja safi. Waingereza hutoa hiyo. Mwaka 2019 maabara yao ya taifa ya nyuklia, pamoja na Chuo Kikuu cha Leicester, iliwasha balbu ndogo kwa umeme wa joto la amerisiamu, na Shirika la Anga za Juu la Ulaya lina mpango wa vifaa vya aina hiyo uitwao ENDURE. Januari 2025 serikali ya Uingereza iliamua akiba yote igandishwe izikwe badala ya kutumiwa kama fueli. Ndiyo kusema amerisiamu itolewe kabla ya kugandisha, la sivyo itazikwa nayo.

Matatizo yake tunayajua. Gama yake ya kiloelektronivolti 59.5 ni dhaifu, milimita chache za risasi zinaimaliza, lakini kwa kuwa unahitaji kilo badala ya gramu, nyutroni zinazozaliwa alfa zinapogonga oksijeni lazima zihesabiwe. Kila alfa hugeuka heliamu, hivyo kapsuli inahitaji nafasi au tundu lenye kichujio, isije ikavimba. Na oksaidi ya amerisiamu ikipata joto kali hupoteza oksijeni na kubadili umbo, kidonge kikapasuka. Dawa iliyojaribiwa ni kuichanganya na kiasi cha urani ili fuwele zitulie.

Kwa safari ya miaka 14 kwenda sayari za mbali, ambako kila kilo ya roketi ina bei yake, tungechagua plutoniamu-238 kama ipo. Kwa mtambo wa kukaa mwezini miaka 40, au nchi isiyo na kinu cha kutengeneza plutoniamu-238, amerisiamu inashinda bila mashaka. Katika vyote vilivyomo kwenye mabaki ya kuchakata fueli, hiki ndicho kitu ambacho tungelaumu kuachwa.

Hospitalini: itriamu ya strontiamu na ruteniamu ya jicho

Strontiamu tuliyoikataa porini ni mama mwema ikiwa ndani ya chumba chenye kinga. Itriamu-90 anayoizaa hutumika kutibu saratani za ini, na inaweza kukamuliwa, yaani kutengwa na mama yake, tena na tena. Nusu-maisha ya itriamu ni saa 64. Baada ya kukamua, asilimia 84 ya kiwango kamili huwa imerudi kwa wiki moja, hivyo ratiba ya kila Jumatatu inakwenda vizuri. Mzigo uliopakiwa Mumbai ukifika Dar es Salaam au Nairobi baada ya saa 48 utakuwa umebaki na asilimia 60. Ukikwama uwanja wa ndege siku mbili zaidi, asilimia 35. Daktari anaagiza kwa saa ya kumdunga mgonjwa, wala si kwa saa ya kupakia.

Njia nyingine ni kuanika itriamu ya kawaida ndani ya kinu. Hiyo hufaa kwa vidonge vidogo vya kioo vya kuziba mishipa ya ini, lakini imejaa itriamu isiyo nururifu, kwa hiyo haifai kushikizwa kwenye kingamwili, ambazo nafasi zake ni chache. Ya kukamuliwa kutoka strontiamu haina mzigo huo. Hatari yake ni moja na ni kubwa: chembe ya strontiamu ikiponyoka na kuingia mwilini hukimbilia kwenye mfupa kama kalsiamu na kukaa huko. Kila mkamuo upimwe kabla ya kutoka. Trombay walibuni kipimo chepesi cha ukanda wa karatasi: mahali pa kudondoshea sampuli hupakwa kemikali inayoikamata itriamu, ukanda unasimamishwa kwenye kimiminika, strontiamu inapanda nacho hadi juu na itriamu inabaki chini. Sehemu ya juu inakatwa na kuhesabiwa mionzi yake. Ikizidi kiwango, mkamuo huo haumfikii mgonjwa.

Ruteniamu-106 ni ya vijibamba vinavyoshonwa nyuma ya jicho kutibu uvimbe wa saratani bila kuling'oa jicho. Nusu-maisha yake ni siku 372, hivyo taka lazima ziwe mbichi: baada ya miaka 10 imebaki sehemu moja katika elfu. Hapo ndipo umri wa taka unapogeuza kila kitu, kinyume kabisa na amerisiamu. Nayo ina tabia mbaya moja: kwenye asidi yenye joto hugeuka gesi na kupita kwenye vichujio. Wingu la ruteniamu-106 lilipimwa juu ya nchi nyingi za Ulaya Septemba na Oktoba 2017, na uchunguzi wa wanasayansi wengi ulielekeza kwenye eneo la kusini mwa milima ya Ural, ingawa Urusi ilikana. Kiwanda kisicho na mtego madhubuti wa gesi kiiache.

Paladi na rodi

Watu huuliza mapema kuhusu hizi kwa kuwa bei zake zinatangazwa. Tani moja ya fueli ina zaidi ya kilo 1 ya paladi na karibu nusu kilo ya rodi, ni kweli. Lakini paladi hiyo ina isotopu 107 yenye nusu-maisha ya miaka milioni 6.5, na hakuna sonara wala mtengeneza magari atakayeigusa. Rodi hutulia baada ya miongo kadhaa ya kungoja. Kwa sasa ziachwe kwenye kioo.

Ukinunua kifaa chenye vitu hivi

Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki hawatakutana na Beta-M, lakini watakutana na kisanduku cha njano cha kupimia msongamano wa udongo wa barabara. Mara nyingi humo mna sesiamu-137 ya gigabekereli 0.3 kwenye ncha ya fimbo, na amerisiamu ya gigabekereli 1.48 iliyochanganywa na beriliamu ndani ya sanduku. Sesiamu inapima msongamano wa udongo, amerisiamu inapima unyevu. Ikiwa greda au shindilia imekikanyaga, zima mashine hiyo papo hapo na usiiondoe kabla matairi hayajapimwa, weka watu mbali, angalia kama fimbo imerudi ndani ya kinga yake, kisha piga simu kwa mdhibiti. Fimbo isishikwe kwa mkono hata ikionekana nzima.

Sesiamu hiyo itafifia ndani ya miaka 300 hivi. Amerisiamu ya sanduku hilohilo itahitaji zaidi ya 4,000, na kampuni itakuwa imekufa zamani. Kwa hiyo mkataba wa ununuzi uwe na kifungu cha mtengenezaji kukichukua chanzo kikichoka, kikitaja nani analipa usafiri na chombo cha kusafirishia, na kisainiwe kabla fedha hazijatoka. Nakala za cheti cha chanzo, zenye namba, tarehe na nguvu yake siku hiyo, zikae mahali pawili. Usipokuwa na kifungu hicho, chanzo kitaishia kwenye ghala la taifa, la Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania mjini Arusha au la Kenya huko Oloolua, na bili ya kukipeleka na kukitunza itakuwa yako.